Unakuja Ujerumani kuanza PhD au utafiti? Anza na jina kwenye boksi la barua

Ikifika mwezi wa nane, wa tisa hivi, simu yangu inaanza kujaa voisi za watu wanaokuja Ujerumani kuanza PhD au kukaa mwaka mmoja kama watafiti wageni, na maswali ni yale yale kila mwaka: nije na koti gani, nibebe unga kilo ngapi, nishike euro ngapi mkononi. Maswali mazuri tu, ntayafikia. Ila hakuna hata mmoja anayeniuliza kuhusu boksi la barua, na hilo ndo linakuja kumtesa kuliko baridi.

Niko Bavaria, mji mdogo, mwaka wa nne sasa. Ukienda Berlin utakuta foleni ndefu kuliko zetu ila makaratasi ni yale yale.

Cha kuelewa kabla ya yote ni kwamba huku kila ofisi inataka karatasi ya ofisi nyingine. Mwajiri anataka namba ya kodi, namba ya kodi haitoki mpaka uwe umejiandikisha mjini, kujiandikisha kunataka karatasi ya mwenye nyumba, na ukishajiandikisha hiyo namba yenyewe inakuja kwa posta, yaani bahasha kabisa, sio meseji wala imeili. Sasa mtu wa posta akifika mlangoni akakuta boksi lina majina ya watu wengine, la kwako halipo, anaondoka na barua yako, ndo basi.

Mimi ilinikuta. Nilipanga chumba kwenye fleti ya wanafunzi wawili, boksi lina majina yao, mimi nikajua si nyumba moja jamani, watanipa. Wiki tatu kimya. Mwisho wa mwezi naangalia mshahara wa kwanza nikadhani wamekosea, kumbe bila namba ya kodi nimekatwa kwa daraja la sita, ambalo ndo la makato makubwa kuliko yote. Pesa ilirudi baadaye namba ilipofika, lakini huo mwezi nilikula tambi mpaka basi. Dawa yake ilikuwa kipande cha karatasi na selotepu. Kwa hiyo siku unayopewa funguo za nyumba, kabla hujafungua begi, shuka chini ubandike jina, na liwe jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, maana ndo wanalolitafuta. Sisi wenye majina matatu tunajichanganya sana hapa, kwenye mkataba umeandika moja, chuoni lingine, mlangoni umebandika lile wanalokuita nyumbani. Chagua la pasipoti na ubaki nalo kila mahali.

Nyumba yenyewe anza kuitafuta ukiwa bado nyumbani. Kitu cha kwanza ni kumuandikia sekretari wa idara pamoja na ofisi ya wageni ya chuo uulize kama kuna nyumba ya wageni ya chuo, hata ya miezi miwili tu ya kuanzia. Ukitafuta mwenyewe mtandaoni, yeyote anayekwambia yuko nje ya nchi, tuma dipoziti kwanza funguo zitakuja kwa posta, huyo ni tapeli, usibishane naye. Dipoziti ya halali kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, na hapo inahesabiwa ile wanayoita kodi baridi, Kaltmiete, yaani chumba kitupu. Kodi ya moto, Warmmiete, ndo imejumlisha joto na maji na taka, na mara nyingi umeme na intaneti havimo, kwa hiyo usifurahie namba ndogo kabla hujauliza ni ya moto au baridi.

Na kabla hujasaini uliza swali moja, utanipa Wohnungsgeberbestätigung? Hilo lidude refu ni karatasi tu ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake, na mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake. Akikujibu "hapana, kaa tu ila usijiandikishe", wewe kimbia.

Siku ya safari, makaratasi yote yakae kwenye begi la mkononi: vyeti halisi, transkripti, barua ya mwaliko au mkataba, uthibitisho wa bima, pamoja na kopi zilizogongwa mhuri. Ukitua Frankfurt, uwanja una stesheni mbili, ya treni za mbali na ya treni za mkoa, soma tiketi yako inasema ipi. Alafu kuna hili la treni kukatwa, ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Treni nyingi za mkoa kutoka Nürnberg zinaondoka zikiwa zimeungwa, njiani zinaachana, mabehewa ya mbele yanaenda mji huu, ya nyuma mji ule. Mimi nimekaa zangu na mabegi mawili na usingizi wa ndege, watangazaji wanatangaza kwa Kijerumani, nikaja kushtuka nje ni misitu tu na jina la stesheni silijui. Kila behewa lina kioo kinachoandika linakoenda, lisome hilo, usisome bango la plafomu peke yake.

Ukishalala na kuamka, kazi ya kwanza ni Anmeldung, kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Sheria inakupa wiki 2 tangu uhamie. Kwenye miji mingi unaweka miadi mtandaoni na nafasi zinajaa, kwa hiyo weka ukiwa bado nyumbani kama tarehe ya nyumba unaijua. Unaenda na pasipoti, ile karatasi ya mwenye nyumba na fomu. Watakuuliza dini, na hili sio umbea, ukijiandika Mkatoliki au Mlutheri utakatwa kodi ya kanisa kwenye mshahara, jua tu mapema kabla hujajibu, sikushawishi upande wowote. Unaondoka na karatasi ya uthibitisho, ipige picha hapo hapo, utaitumia mpaka uichoke.

Baada ya hapo akaunti ya benki, bima na kibali. Benki ni rahisi. Bima inategemea umekujaje: mwenye mkataba wa ajira wa chuo anachagua mfuko wa bima ya afya, na mwajiri analipa karibu nusu ya mchango. Mwenye skolashipu mambo ni tofauti, wapo ambao wafadhili wanawapangia bima na wapo wanaojitafutia wenyewe, kwa hiyo muulize mfadhili wako kwa maandishi kabla ya kusaini chochote, maana ukiingia bima binafsi kurudi kwenye ya umma ni kazi kwelikweli. Bima ya safari uliyokata kwa ajili ya viza sio bima ya kuishi huku.

Kibali cha kuishi usikiache. Viza uliyokuja nayo kwa kawaida ni ya miezi michache, na kadi ya kibali inatengenezwa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo omba miadi ya ofisi ya wageni ya mji, Ausländerbehörde, wiki ile ile ya Anmeldung. Picha za karatasi siku hizi hawazitaki, tangu 2025 ni za kidijitali. Viza ikikaribia kuisha na kadi haijatoka wanakupa karatasi ya mpito, ila zipo za aina tofauti na sio zote zinakuruhusu kutoka nchini ukarudi, uliza kabla hujakata tiketi ya Krismasi.

Utapata pia barua ya mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Watu wanaitupa wakidhani utapeli. Sio utapeli, lakini inalipwa kwa nyumba sio kwa kichwa, kwa hiyo kama mwenzio wa fleti analipa, muombe namba yake ya mchango uwajibu nayo.

Haya tuje idarani sasa.

Mtu wa kwanza kumjua sio profesa, ni sekretari. Huyu ndo mwenye funguo, fomu za kadi, mambo ya akaunti ya kompyuta, kijisanduku chako cha barua na namba ya simu ya anayeshughulika na mishahara. Muandikie wiki mbili kabla ya kufika, mwambie tarehe na saa, na ukifika nenda kwake kwanza, mwite Frau, yaani Bi, na jina la ukoo. Huku kuna "wewe" mbili, Sie ya heshima na du ya kuzoeana, na anayeruhusu du ni mkubwa, kwa umri au kwa cheo, mdogo haanzishi. Sisi tuliokulia kwenye shikamoo hili halitusumbui, wanaopata taabu ni wenzetu wa Marekani.

Milango ya ofisi imefungwa muda wote, usidhani wana hasira na wewe au hawapo. Unagonga, unaingia.

Saa ndo shughuli. Kwenye ratiba utaona 10 c.t., maana yake kipindi kinaanza saa nne na robo asubuhi, ile robo saa ni desturi ya zamani ya vyuo vya huku. Ikiandikwa s.t. ni saa nne kamili, na ukiingia na dakika tano juu vichwa vyote vinageuka. Alafu mtu akikwambia tukutane halb zehn, sikio lililosomea Kiingereza linasikia 10:30, kumbe ni nusu ya kuelekea kumi, yaani 9:30, saa tatu na nusu ya kwetu. Yaani unageuza mara mbili kichwani, kutoka Kijerumani kwenda kwenye tarakimu, kutoka kwenye tarakimu kwenda kwenye saa ya Kiswahili. Mimi nilimfikia msimamizi wangu saa nzima nimechelewa, nikiwa nimejipongeza njiani kwamba leo nimewahi. Siku hizi nauliza wanitumie kwa tarakimu. Na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi saa zinarudishwa nyuma, tofauti na nyumbani inatoka saa moja inakuwa mbili, mwambie mama asije akakupigia ukiwa kwenye semina.

Na msimamizi mnapanga miadi, kukutana kwenye korido hakuhesabiki. Nenda na ukurasa mmoja umeandika umefanya nini na umekwama wapi, mwisho wa kikao muandikie imeili fupi ya mlichokubaliana. Uliza mapema kuhusu mkataba wa usimamizi, karatasi inayosema mtakutana mara ngapi na nani msimamizi wa pili, na uliza kama fakalti imeshakupokea rasmi kama mtahiniwa wa PhD, maana kupokelewa na profesa ni kitu kimoja, na fakalti ni kingine.

Ukitoa mada yako ya kwanza utaulizwa maswali makavu. Mtu anasema sehemu ya pili haina mantiki, bila hata samahani. Usikunje sura, anaongelea karatasi sio wewe, na nusu saa baadaye anakuita mkale. Ukimaliza kuongea hawapigi makofi, wanagonga meza kwa ngumi. Mara ya kwanza nilidhani wananifukuza.

Kula ni mapema, kantini ya chuo ambayo wenyewe wanaiita Mensa inajaa kuanzia saa tano na nusu, na wenzako wakipita mlangoni kwako nenda nao hata kama huna njaa. Mambo mengi ya idara niliyoyajua niliyasikia na sinia mkononi, sio kwenye mikutano. Jioni na wikiendi imeili hazijibiwi, usitume mara mbili.

Funguo za idara usizichezee. Ukipoteza ule unaofungua mlango mkubwa wanaweza kubadilisha vitasa vya jengo na bili inakuja kwako. Kuna bima ya kulipia hasara unayosababishia wengine, Haftpflicht, ya euro chache kwa mwezi, tafuta yenye kipengele cha funguo za kazini.

Ya mtaani haraka haraka: 112 ni zimamoto na ambulensi, 110 polisi, 116117 daktari wa usiku pale hali sio ya kufa. Maduka huku Bavaria yanafungwa saa mbili usiku na Jumapili hayafunguliwi, kwa hiyo kama unatua Jumamosi jioni njoo na mkate wako. Chupa za plastiki usitupe, nyingi ukirudisha ni senti 25 kila moja.

Pesa, shika ya kukutosha wiki sita pamoja na dipoziti, mshahara wa kwanza unaweza kuruka mwezi kama mkataba umesainiwa umechelewa. Koti nunua huku, la Dar halitoshi hata mwezi wa kumi. Unga njoo na kilo mbili za kuanzia, baada ya hapo semolina ya supamaketi inasonga vizuri, au utaagiza maduka ya Kiafrika. Nyama kavu na samli forodha hawaruhusu, vya nyama na maziwa vyote hapana, na maembe yanataka cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi na nanasi ruksa. Dagaa ruksa pia, ila kama mnaishi fleti ya pamoja wakaange Jumamosi mchana, dirisha wazi, na wenzio umewaambia tangu Ijumaa.