Namna ya Kujifunza Maneno ya Juma kwa Kiingereza na Kinorwei kwa Pamoja

Mkazi wa Dar es Salaam anayejiandaa kwenda kusoma Norwei mara nyingi hujikuta akijifunza Kinorwei kwa kutumia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Njia hiyo inafaa, lakini katika maneno ya juma namshauri asikiweke Kiswahili kando, kwa sababu yapo mambo ambayo Kinorwei kinayasema karibu sawa na sisi, ilhali Kiingereza kinazunguka.

Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu, kisha anza na majina ya siku: “mandag”, “tirsdag”, “onsdag”, “torsdag”, “fredag”, “lørdag” na “søndag”. Kiingereza huandika siku kwa herufi kubwa mwanzoni, Kinorwei kwa herufi ndogo. Mengi ya majina hayo yana asili moja katika lugha zote mbili: “Thursday” na “torsdag” ni siku ya mungu Thor, “Wednesday” na “onsdag” ni ya Odin. Jumamosi ndiyo inayozitenganisha, kwa kuwa Waingereza waliipa jina la Saturn, na “lørdag” maana yake ya zamani ni siku ya kuoga. Usitafsiri kwa kufuata namba zilizomo katika majina yetu. Hesabu yetu huanzia Jumamosi, lakini juma la Norwei huanza Jumatatu, kwa hiyo “onsdag” ni siku ya tatu ingawa sisi tunaiita Jumatano.

Safu ya Kiswahili itakufaa zaidi ukifika kwenye “i overmorgen” na “i forgårs”. Hizo ni kesho kutwa na juzi, basi. Kiingereza cha leo kinahitaji maneno manne, “the day after tomorrow”, na anayepitia huko anajichosha bure. Kwa majuma mawili, Waingereza husema “fortnight”, yaani usiku kumi na nne, na Wanorwei husema “fjorten dager”, siku kumi na nne.

Tuseme mwanafunzi aliyeko Mlimani amepokea ujumbe huu kutoka kwa msimamizi wake: “Vi sees på onsdag.” Maana yake ni kwamba watakutana Jumatano inayokuja. Kama ingekuwa kila Jumatano, angeandikiwa “på onsdager” au “om onsdagen”. Huenda pia akatajiwa “uke 32”, yaani juma la 32, kwa sababu Wanorwei hupanga likizo na vikao kwa namba za majuma, desturi ambayo si ya kawaida kwa Waingereza. Juma la kwanza ni lile lenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka, kwa hiyo ni vyema kuweka katika simu kalenda inayoonyesha namba hizo.

Nahau ziandike kwa jozi, kila moja pamoja na sentensi yake, maana hazifuatani neno kwa neno. “Day in, day out” hugeuzwa na kuwa “dag ut og dag inn”. Sisi tungesema kila kukicha. Jumatano, ambayo Wamarekani huiita “hump day”, siku ya kuvuka kilele cha juma la kazi, kwa Wanorwei ni “lille lørdag”, Jumamosi ndogo, siku ya kujipa starehe kidogo katikati ya juma. Jozi ninayoipenda kuliko zote inahusu kifaa kilichotoka kiwandani kibovu. Mwingereza huzungumzia gari la Ijumaa alasiri, “Friday afternoon car”, lililoundwa na watu wenye haraka ya kwenda kupumzika, na Mnorwei husema “mandagseksemplar”, kitu kilichoundwa Jumatatu na watu ambao bado hawajachangamka. Dereva anayejikokota barabarani ni “Sunday driver” na “søndagssjåfør”. Hapo lugha zote mbili zinailaumu Jumapili.

Ijumaa mchana, unapoagana na Mnorwei kazini, mwambie “God helg!” kumtakia mapumziko mema ya mwisho wa juma. Na unapopanga miadi, jihadhari na “next Monday” na “neste mandag”, kwani hata wenyeji hutofautiana kama ni Jumatatu hii au ile ya juma linalofuata: andika tarehe kando ya jina la siku.