Ukipangiwa mabwawa ya majitaka, anza kwa kuyazunguka

Fundi mpya akiletwa kwetu Mabogini, kwanza huuliza mashine ziko wapi. Majitaka ya mji wa Moshi hushuka kwa mteremko mpaka huku chini, na ndani ya mabwawa husafishwa na bakteria, mwani (vijimea vidogo vya kijani vya majini) na jua. Hao ndio wa kuwatunza. Wakidhoofika, rangi ya maji itakuambia mapema kuliko maabara, maana kipimo cha BOD peke yake, yaani oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu ulio majini, huchukua siku 5. Kwa hiyo zunguka kila asubuhi, bwawa kwa bwawa, daftari mkononi.

Anzia kwenye chujio la vyuma, maji yanapoingilia. Vaa buti na glavu ndefu, na uwe umeshachanjwa pepopunda na homa ya ini. Vuta kwa reki matambara, plastiki na nepi, ziache zichuruzike, kisha uzifukie siku hiyohiyo. Zikilala nje, nzi wanazaliana. Zoa na mchanga mferejini, hasa wakati wa masika, kwani wapo wanaoelekeza maji ya mapaa yao kwenye chemba.

Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, mita 2 hadi 5, na halina oksijeni. Maji yake yawe ya kijivu au meusi, yakitoa mapovu ya gesi. Utando mgumu unaoelea juu uache, unazuia harufu. Nzi wakitaga humo, umwagie maji uzame. Bwawa la pili, lenye kina cha mita moja na nusu hivi, ni kinyume chake. Huko utando uuondoe upesi, kwa sababu unaunyima mwani jua, na mwani ndio unaotoa oksijeni.

Kwenye bwawa hili la pili napenda kijana asimame muda mrefu, atazame. Kijani kilichokoza ni afya. Likigeuka waridi au zambarau, mzigo wa uchafu umezidi: bakteria wa salfa wameshika nafasi, na harufu ya mayai viza haiko mbali. Likiwa la kijivu, mwani umekufa. Baridi ya Juni na Julai hupunguza kijani kidogokidogo, hilo ni la msimu. Ila rangi ikibadilika ghafla, fungua daftari la magari ya kunyonya vyoo. Gari lisimwage kabla hujatazama na kunusa kilichomo. Likibeba oili chafu ya gereji au kemikali za kiwandani, lirudishe, hata dereva akikasirika. Bakteria wanaotusafishia maji wakiuawa huchukua wiki nyingi kurudi.

Mara moja kwa mwaka pima tope. Chukua mti mrefu, uuzungushie taulo jeupe, uushushe wima taratibu kutoka kwenye boti mpaka uguse sakafu. Subiri kidogo, upandishe polepole: palipobaki weusi ndipo tope lilipofika. Rudia sehemu kadhaa, kwa kuwa tope hujaa zaidi karibu na mlango wa maji. Likifika theluthi ya kina cha bwawa la kwanza, omba litolewe kiangazi hichohicho. Kwenye boti usiende peke yako, wala bila jaketi la kuokolea.

Nyasi za kingo zikatwe fupi zisiguse maji. Pale zinapoinamia ndipo mbu hutaga.

Mabwawa ya mwisho yana kina cha mita moja hivi ili jua lipenye. Mchana mwani hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na magadi majini, kupita 9, na vijidudu vingi vya kinyesi hufa. Mayai ya minyoo huzama. Yote hayo yanataka siku, basi usikubali mtu akushawishi kuyapitisha maji njia ya mkato. Kiwango cha Tanzania cha maji yanayotoka ni BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita.

Wakulima wa mpunga wanayasubiri maji hayo, kwa hiyo fahamiana nao. Waambie wavae buti shambani, na wasiyamwagilie nyanya wala mboga zinazoliwa mbichi. Siku bwawa linapotolewa tope, wapigie simu tangu jana yake, wafunge mifereji yao mpaka utakapowaambia wafungue.