Office gani uweke kwenye Linux ya shule na saiba, vile sisi tunachagua huku Kisumu

Ukitengeneza Linux yako (mfumo wa kompyuta wa bure, badala ya Windows) ya kuweka kwa mashine za watu, kitu ya kwanza utaulizwa si desktopu gani wala Debian ya ngapi, utaulizwa "iko na Word?" Na hilo swali ni la haki kabisa, kwa sababu mwalimu hana shida na mfumo, shida yake ni mtihani wa kesho. Mimi na rafiki yangu tunapika ISO (faili moja yenye mfumo mzima wa kuinstall) ya Debian, aina moja ya Linux, na XFCE, desktopu nyepesi, tunaibeba kwa flashi, tunaiweka kwa hizi kompyuta za ex-UK, nyingi RAM ni giga 2 ama 4, zingine zinaenda shule za upande wa Nyando na Seme, zingine saiba za Kondele. Uchaguzi wa office ndo umetusumbua kuliko vitu vingine vyote, so naandika vile tunafanya saa hii ili mwingine asipitie njia ndefu kama sisi.

Anza na mafaili, programu baadaye. Hapa ndo watu wengi hukosea, wanafungua office tatu, wanaangalia menyu gani inapendeza, wanachagua. Menyu mtu atazoea kwa wiki moja. Faili ikiharibika hawezi kuizoea. Nenda kwa wale watu utawawekea mashine, uombe mafaili yao halisi, kama 15 ama 20 hivi, na uwaombe ruhusa vizuri, majina ya watoto na namba za simu zifutwe kabla hujabeba. Sisi huwa tunataka mtihani mmoja wenye jedwali na mchoro, mtihani wa hesabu wenye zile milinganyo, orodha ya darasa yenye fomula za wastani, barua ya shule yenye nembo juu, CV mbili za kutoka saiba (CV za saiba ni ngumu sana, zimejaa visanduku na mistari), slaidi za mkutano wa wazazi, na kama ni saiba, ile fomu ya ritani ya kodi ya Excel ambayo watu hujaa nayo mwezi wa 6 kabla tarehe 30 ifike. Kwa kila faili omba pia nakala iliyoprintiwa kutoka kwa mashine yake ya kwanza, ama PDF. Bila hiyo huna cha kulinganisha nacho, utakuwa unakisia tu.

Halafu jaribu kwenda na kurudi. Kufungua peke yake haitoshi. Fungua, badilisha neno moja, sevu kwa docx (aina ya faili ya Word), peleka kwa mashine yenye Microsoft Office, fungua tena huko, hesabu kurasa, angalia jedwali kama limekatika, angalia namba za maswali kama bado zinafuatana. Kuna office zinafungua vizuri sana alafu zinaharibu wakati wa kusevu, na hutajua mpaka faili irudi kwa mwenyewe.

Sasa wagombea wenyewe. Apache OpenOffice tuliitoa siku ya kwanza. Jina lake bado linajulikana sana, utasikia watu wakiita kila office ya bure "OpenOffice", lakini kikundi kikubwa cha waliokuwa wakiiandika kilijitenga mwaka 2010 kikaanzisha LibreOffice chini ya The Document Foundation, na OpenOffice yenyewe ikapelekwa kwa Apache mwaka 2011. Inaweza kufungua docx lakini haiwezi kusevu docx. Kwa mwalimu ambaye lazima atume karatasi kwa mwenzake mwenye Word, hapo mazungumzo yameisha. AbiWord ni nyepesi na inafunguka haraka hata kwa mashine dhaifu, ila jedwali la mtihani wetu lilitoka limevurugika. Gnumeric naipenda kwa hesabu na kwa mtu wa takwimu ni nzuri sana, lakini ni spredishiti peke yake.

WPS Office watu wataiomba kwa jina, kwa sababu wako nayo kwa simu na sura yake inafanana na Word. Mimi siipakii, na sababu ni leseni. Kutumia bure na kugawa ni vitu viwili tofauti. Programu kama WPS ama FreeOffice ya SoftMaker, unaweza kuidownload bure ukatumia, lakini si programu huria, mwenyewe ndo anaamua nani anaigawa, so ukiitia ndani ya ISO ukaisambaza shule kumi bila ruhusa yake umeingia makosani na shule umeiingiza pia. Manjaro mwaka 2019 walitaka kuweka FreeOffice kama chaguo la kwanza, watumiaji wakalalamika sana, mwishowe wakamwachia mtu achague mwenyewe wakati wa kuinstall, na hao ni watu walioongea na kampuni kabisa. Mtu akitaka WPS aiweke mwenyewe baadaye, hiyo ni haki yake.

Tukabaki na mbili, LibreOffice na ONLYOFFICE. Zote ni huria, ya kwanza iko chini ya leseni ya MPL 2.0 na ya pili AGPL, kwa hivyo kuzigawa ni sawa ukifuata masharti yake. Nitasema ukweli, ONLYOFFICE kwa docx ngumu ilitushangaza, zile CV zenye visanduku zilikaa vizuri kuliko LibreOffice, na mtu aliyetoka kwa Word anaizoea siku hiyo hiyo. Lakini imejengwa juu ya injini ya brauza ya Chromium, na kwa mashine ya giga 2 ukifungua na Firefox hapo kando, mashine inaanza kuhema, mausi inakwama, mtoto anabonyeza mara tano, zinafunguka dirisha tano. Kitu ya pili, kwa Debian yetu haiko kwa repo (ghala lake rasmi la programu), tungeitoa kwao wenyewe na tuanze kuangalia apdeti zake pembeni. Shule yenye intaneti ya bando mara moja kwa mwezi inahitaji apdeti zote zije kwa njia moja, apt (kifaa cha Debian cha kuvuta programu) inavuta, inaisha. Faili za flashi ndo mlango wa virusi huku, office isiyopata marekebisho ya usalama ni hatari.

Na makro. Hii saiba wasome vizuri. Makro ni vijiprogramu vya ndani ya faili, na zile za fomu za Excel zimeandikwa kwa VBA, lugha ya Microsoft. ONLYOFFICE makro zake ni za JavaScript, VBA haiendeshi. LibreOffice inaendesha VBA kiasi, si yote, zingine zinapita, zingine zinakataa katikati. Kwa hivyo saiba yoyote inayofanya kazi ya ritani kwa ile fomu ya Excel tunaiambia wazi iache mashine moja na Windows na Excel halali. Usimdanganye mtu kwamba Linux itafanya kila kitu alafu akwame tarehe 29 foleni ikiwa imefika nje.

Basi tukaamua LibreOffice. Moja tu. Tulijaribu kuweka zote mbili na ikawa fujo, faili moja inafunguliwa na hii leo na ile kesho, mwalimu anadhani kompyuta imebadilika, na ISO ikavuka giga 4 hadi haikubali kunakiliwa kwa flashi za FAT32 ambazo ndo kila mtu yuko nazo.

Lakini kuchagua LibreOffice ni nusu ya kazi, kwa sababu ukiiweka uchi hivyo itakuaibisha. Acha niwape hii ya fonti maana ilituuma. Madam mmoja wa Kiswahili alitupatia mtihani wake wa Gredi ya 7, kurasa nne kamili, swali la mwisho la ngeli linaishia chini kabisa ya ukurasa wa nne. Kwa mashine yetu ukatoka kurasa tano. Ule wa tano ulikuwa na mistari miwili tu. Akaishika ile karatasi akaniangalia, "Kijana, hii ya tano imetoka wapi? Mimi niliandika nne." Nikamwambia pole madam, nipe dakika kumi. Watoto 120, karatasi moja ya ziada kila mtoto, fotokopi shilingi 3, hiyo ni 360 zimeenda bure kwa mtihani mmoja, na shule ina masomo mengi.

Nikafungua terminali nikaandika fc-match Calibri, ikajibu DejaVu Sans. Hapo hapo nikajua. Faili iliandikwa kwa Calibri, mashine haina Calibri, imechukua DejaVu ambayo herufi zake ni pana, mistari ikasukumana mpaka ukurasa ukamwagika. Dawa yake ni Carlito, fonti huria iliyotengenezwa na upana ule ule wa Calibri herufi kwa herufi. Nikainstall fonts-crosextra-carlito, nikarudia fc-match, ikasema Carlito, nikafungua mtihani, kurasa nne, swali la ngeli limekaa pale pale chini. Madam akahesabu mwenyewe mara mbili.

Kwa hivyo weka Carlito kwa ajili ya Calibri, Caladea kwa ajili ya Cambria, na Liberation kwa ajili ya Arial, Times New Roman na Courier New. Usitie fonti za Microsoft zenyewe ndani ya ISO, leseni tena, ile pakiti ya mscorefonts kwa Debian huwa inazivuta kutoka intaneti kwa mashine ya mtumiaji kwa sababu hiyo hiyo. Na siku hizi Word mpya inaanza na fonti ya Aptos, ambayo Carlito haiisaidii, so waambie walimu wenye Word mpya wabadilishe fonti iwe Calibri ama Arial kabla hawajatuma. Ni dakika moja.

Orodha yetu ya pakiti kwa live-build (zana ya Debian ya kupika ISO), ile faili ya ndani ya config/package-lists, ni libreoffice-writer, libreoffice-calc, libreoffice-impress, libreoffice-math kwa milinganyo, libreoffice-gtk3 ndo sura ikae kama desktopu nyingine (bila hiyo inatoka ya kizamani na watu wanaidharau), fonti nilizotaja, hunspell-en-gb, na hunspell-sw. Hiyo ya mwisho tafadhali usiiache. Ni kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, kwa orodha ya lugha itaonekana kama Kiswahili cha Tanzania, haina shida, maneno ni yale yale. Mwalimu wa Kiswahili akiona insha yake haijajaa mistari myekundu anafurahi, kwa sababu miaka yote ameandika kwa kompyuta inayomwambia lugha yake yote ni makosa.

Base, ile sehemu ya database ya LibreOffice, tuliitoa mara ya kwanza tukidhani hakuna mtu wa database shuleni. Ikatugeuka. Naibu mwalimu mkuu alitaka barua za wazazi, jina na salio la karo kutoka kwa spredishiti liingie kwa kila barua, na Writer (ile sehemu ya kuandika) ikakataa kushika ile spredishiti mpaka tuliporudisha libreoffice-base. Inaongeza uzito, inavuta na Java. Tuliiacha iongeze.

Mipangilio sasa. Fungua LibreOffice kwa akaunti mpya safi, ingia Tools, Options, Load/Save, General, uweke Word, Excel na PowerPoint kama namna ya kusevu siku zote. Najua kuna watu watanikasirikia hapa, ODF, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, ni kiwango cha shirika la kimataifa la viwango la ISO tangu 2006 na mimi naiamini, lakini mwalimu akituma odt (faili ya ODF ya kuandika) kwa mwenzake na mwenzake akapiga simu "haifunguki", Linux ndo itatolewa kwa mashine jioni hiyo. Hapo hapo teremsha muda wa kuhifadhi otomatiki kutoka dakika 10 hadi 3, stima ikipotea apoteze sentensi mbili, si ukurasa mzima. Usalama wa makro usiushushe kuwa Low hata mtu akikusihi. Ile menyu ya vichupo iko kwa View, User Interface, chagua Tabbed, inasaidia waliozoea Word.

Ukimaliza funga, chukua registrymodifications.xcu kutoka ~/.config/libreoffice/4/user, uiweke kwa config/includes.chroot/etc/skel ukifuata njia ile ile ya folda, na kila akaunti mpya itazaliwa na mipangilio hiyo. Lakini ifungue kwanza kwa edita uisome, kwa sababu inaweka pia jina lako na orodha ya mafaili uliyofungua karibuni, futa hiyo mistari. Sisi tuliwahi kuisahau, na shule nzima ikawa inaona jina la CV ya mtu kwa orodha ya mafaili ya karibuni.

Pika ISO, hakikisha haijafika giga 4, iweke kwa mashine mbovu kuliko zote ulizo nazo na si kwa laptopu yako nzuri. Rudisha yale mafaili 20, yaprinti, yalinganishe na nakala za kwanza moja moja. Yetu ya mwisho, 17 zilitoka sawa, CV mbili zilisogea kidogo zikarekebishwa kwa mkono, na moja, ile ya makro, ilikataa na tukaiandika kwa karatasi tunayoacha na mashine ili mtu ajue kabla hajaanza.

Baada ya hapo tunamkalisha madam mbele ya mashine na flashi yake mwenyewe, hatumgusii kitu, hatumwelekezi, tunaangalia tu anaandika mtihani, anasevu, anaprinti. Pale anaposimama akitafuta kitu, tunaandika. Tukirudi Kisumu tunarekebisha hizo sehemu, halafu ndo tunachoma flashi za shule zingine.