Somo: Kuwazuia pongo na nsya wasile bustani za kiangazi

Kuanzia Juni hadi Oktoba, nyasi za milimani zinapokauka au kuungua moto, vinyungu (bustani za mabondeni penye unyevu) na bustani za nyumbani za Mufindi, Njombe, Makete na Rungwe hubaki karibu peke yake na majani mabichi. Ndiyo maana pongo na nsya, wanyama wa jamii ya swala ambao hushinda vichakani mchana, huingia humo usiku na alfajiri kula maharage, njegere na matembele. Wanaweza kuzuiwa bila kuuawa, na kazi kubwa iko kwenye uzio.

Hatua ya kwanza: mtambue mharibifu
Pongo na nsya, kama mbuzi, hawana meno ya mbele katika taya la juu; kwa hiyo hulivuta jani na kuliacha limechanika, ilhali sungura hukata shina na palipokatwa hubaki laini. Tafuta pia nyayo za kwato mbili zilizochongoka mbele na kinyesi cha vidonge vidogo vyeusi. Ukikuta udongo umefukuliwa na viazi vimetafunwa, mshuku nguruwe pori au nungunungu, ambao wanahitaji kinga nyingine.

Hatua ya pili: jenga uzio
Pongo huruka juu na nsya hupenya chini, kwa hiyo uzio wenye kasoro upande mmoja ni fedha iliyopotea. Kimo chake kisipungue mita 1.8. Kwetu ninapendekeza mabanzi (vipande vya pembeni vya magogo) kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga na Njombe, yasimamishwe wima yakiwa yamebanana na kupigiliwa kwenye fito zilizoshikwa na nguzo za milingoti (mikaratusi), kwa sababu mnyama asiyeona mahali atakapotua husita kuruka. Chini chimba mfereji mfupi, ingiza ncha za mabanzi, kisha shindilia udongo na mawe. Lango lifike chini kabisa, maana mara nyingi nsya hupitia hapo hapo. Ukitumia wavu, ukaze vizuri, kwa kuwa wavu uliolegea hunasa pembe na miguu.

Hatua ya tatu: ondoa maficho
Fyeka vichaka vinavyogusa uzio, lakini usiguse uoto wa kingo za mto, ambao hulinda maji yanayotumika kumwagilia bustani hiyo hiyo.

Hatua ya nne: harufu, kwa tahadhari
Marekani, ambako kulungu wa huko huvamia bustani, watu hunyunyizia mchanganyiko wa mayai na maji. Njia hiyo hudumu muda mfupi: mvua huiosha, na wanyama huizoea. Itumie kwenye miche ya miti na maua pekee, kamwe si kwenye mboga zitakazoliwa.

Usitege tanzi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila kibali, na tanzi halichagui wa kumnasa. Katika misitu ya Rungwe na Udzungwa yupo minde, aina ya nsya anayepatikana Tanzania peke yake na aliye hatarini kutoweka. Inasikitisha sana kumpoteza kwa ajili ya tuta la maharage.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Je, uzio wa minyaa unafaa badala ya mabanzi?
Jibu: Marahaba. Unafaa ukishasongamana, ila huchukua miaka, na utomvu wake huumiza macho vibaya. Penye watoto wadogo, panda michongoma, kisha tumia mabanzi mpaka ikue.

Mwanachama wa Makete: Mbwa hatoshi kuwafukuza?
Jibu: Mbwa anayelala karibu na bustani husaidia, hasa alfajiri. Asiachwe kuzurura, kwa sababu atawakimbiza watoto wa wanyama msituni, na achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka.

Mwanachama wa Mafinga: Mwalimu, fedha yangu haitoshi kuzungushia shamba zima. Nianzie wapi?
Jibu: Zungushia kitalu na matuta ya maharage na njegere kwanza, pande zote nne, hata kama eneo ni dogo. Usijenge upande mmoja mrefu unaotazama msitu ukaacha mwingine wazi, kwani pongo atauzunguka usiku ule ule. Vitunguu na pilipili vinaweza kukaa nje ya uzio kwa msimu mmoja, kwa sababu haviwavutii sana.