Somo: Bustani ya mboga nyumbani, kila mtoto na tuta lake

Somo hili linazihusu familia za Mbeya na majirani zetu wa Njombe na Iringa, ambako mboga inayostawi haraka Dar es Salaam yaweza kudumaa kwa baridi. Mwaka wa kwanza niliwapandisha wanangu mchicha mwezi Juni, ukakaa wiki nyingi bila kuzidi kimo cha kidole, nao wakaisusa bustani. Tangu hapo tunaanza mwishoni mwa Agosti, baridi inapolegea na mvua za msimu zikiwa bado mbali.

Hatua ya kwanza ni kumpa kila mtoto tuta la upana wa sentimita 60, ili mkono wake ufike katikati bila kukanyaga udongo, na urefu wa mita moja na nusu. Likizidi hapo, kazi itamrudia mama. Zungushieni matete kabla ya kupanda chochote, maana kuku hawasubiri.

Hatua ya pili, changanyeni udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa mbichi huunguza mizizi. Watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Hatua ya tatu, sieni chainizi kitaluni. Karoti huwavutia watoto zaidi, lakini huchukua takriban miezi mitatu, na mtoto wa miaka 6 atakuwa ameshaifukua mara kumi kuitazama. Miche ya chainizi ikifikisha majani manne, ihamisheni jioni na kuipa nafasi ya sentimita 30, ambayo ni rula moja ya shule. Mwacheni mtoto apime mwenyewe, na mstari ukipinda, msiunyooshe.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tumepanga chumba Makambako na hatuna uwanja. Tufanyeje?

Jibu: Chukueni kiroba au ndoo mbovu, mtoboe matundu chini, mjaze udongo na samadi, kisha mpande sukuma wiki, ambayo huchumwa majani ya chini kwa miezi kadhaa.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kila asubuhi mwanangu anakuta miche imekatwa shinani, naye analia. Nipulizie dawa gani?

Jibu: Marahaba. Huyo ni sota, kiwavi ambaye hula usiku na kujificha mchana udongoni. Msipulizie dawa, mwanao afukue taratibu kando ya mche uliokatwa, atamkuta amejikunja, kisha ampelekee kuku.