Kutoa maji kifuani: usisahau damu

Jana usiku nilikuwa zamu na intani mmoja hapa Tanga, ndo mara yake ya kwanza kutoa maji kifuani, nikaona niandike na wengine mfaidike.

Hatua ya 1: mhoji mgonjwa. Kijana mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, waza TB kwanza na upime HIV. Mtu mzima ambaye maji yana damu na yanarudi kila ukitoa, waza saratani. Miguu imevimba na maji yako pande zote mbili, angalia moyo, ini na figo.

Hatua ya 2: mkalishe, gonga mgongo. Penye maji panalia bubu kama unagonga jiwe. Eksirei ya kusimama inataka kama mililita 200 ndo kona ya chini ya pafu izibe, kwahiyo mi ultrasaundi ndo naiamini, ukiweza tobolea hapohapo ulipopima.

Hatua ya 3: sindano ipite juu ya ubavu, mishipa inapita chini yake. Usizidishe lita 1.5 kwa mara moja, na akianza kukohoa sana au kubanwa kifua, acha.

Hatua ya 4: DAMU. Hapa niliwahi kupoteza siku nzima. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa, nimetoa maji ya njano kama mafuta ya alizeti, majibu yakaja protini gramu 38 kwa lita, sasa 38 nailinganisha na nini? Damu sikuchukua! Nimekuja kuichukua kesho yake ameshachomwa furosemaidi, dawa ya kukojoza, namba zikanivuruga kabisa. Chukua damu muda uleule, omba protini na LDH (kimeng'enya kinachopanda seli zikiumia) kwenye vyote viwili, maji na damu. Protini ya maji gawanya kwa ya damu: tuseme ya damu ni 70, 38 kwa 70 ni 0.54, imezidi 0.5, basi pleura yenyewe, ule utando unaozunguka mapafu, inaumwa. LDH ya maji ikizidi 0.6 ya ile ya damu, au theluthi mbili ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, hivyohivyo, moja tu inatosha. Ila mgonjwa wa moyo aliyeanza dawa za kukojoza anaweza kukudanganya, huyo chukua albumini (aina ya protini) ya damu toa ya maji, ikizidi gramu 12 kwa lita bado ni moyo.

Na GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, ya maji ikisema hakuna TB usimwambie mtu hana TB, vijidudu huwa vichache humo, limfosaiti (aina ya seli nyeupe) zikijaa endelea kuitafuta TB.

Ukivuta ukakuta usaha, achana na mahesabu yote, weka mpira wa kifua leoleo.