Okoteni vyenu kabla dada wa usafi hajafika

Kama dada wa usafi anakuja mara moja au mbili kwa wiki, usiku wa kuamkia siku yake kila mtu, baba akiwemo, aokote vyake sakafuni: soksi, chaja, midoli. Sufuria yenye ukoko ilowekwe kwa maji na sabuni. Nguo za ndani kila mtu anafua zake, hilo halina mjadala. Hapo muda mnaomlipa unaishia kwenye kusugua choo, sinki na mafuta yaliyoganda nyuma ya jiko, si kuuliza "hii niweke wapi?" Haisaidii kama mama ndiye anayewaokotea wote, mmehamisha mzigo tu. Mkiwa na kichanga, tayarisheni sebule na bafu, vyumba vingine fungeni milango.